Kabla hujalipia butikampu ya wiki 12: mwandishi mzuri wa programu anapimwa kwa nini? (Mtwara na Lindi)

Mwana_Shangani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Msimu wa korosho ukiisha na malipo yakishaingia, huku kwetu ndipo ada za vijana zinapopangwa. Siku hizi wazazi wanaulizia sana butikampu, hizi kozi fupi za kuandika programu zinazotangazwa kwamba kwa wiki 12 kijana anatoka akijua kutengeneza mfumo mzima, kuanzia ukurasa anaouona mtumiaji mpaka kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo. Nyingine ziko Dar, nyingine Nairobi, nyingine ni za mtandaoni tu.

Naomba wanaoifanya kazi hii waweke hapa vitu vya kushikika. Butikampu inafundisha nini na inaacha nini? Kijana apimweje kabla hajalipiwa? Na tukisema fulani ni mwandishi mzuri wa programu, tumeangalia nini? Jibu la "inategemea" halimsaidii mzazi wa Nachingwea mwenye ada mkononi.

Naanza na hesabu. Wiki 12, siku 5, saa 8 kwa siku ni saa 480. Mgawanyo wa kawaida unakaribia huu: HTML na CSS (muundo na mwonekano wa ukurasa) wiki 2, JavaScript (lugha inayoufanya ukurasa utende kazi) wiki 3, React au fremu nyingine (kiunzi kilichoandaliwa tayari) wiki 3, seva (kompyuta inayohudumia mfumo) na kanzidata wiki 2, mradi wa mwisho wiki 2. Maana yake seva na kanzidata kwa pamoja zinapata saa 80, na humo ndimo fedha na majina ya watu yanamokaa.

Fundi_Kanzidata

Mkuu, uzi mzuri. Nianzie zilikotoka hizi kozi, maana matangazo ya sasa bado yanatumia maneno ya wakati ule.

Dev Bootcamp ya San Francisco, ambayo ni kati ya zilizofungua njia, ilianza 2012. Ilifungwa 2017. Zilishamiri Marekani wakati kampuni za programu zinaajiri kwa kasi, na wengi waliojiunga walikuwa na digrii ya kitu kingine tayari: wahasibu, walimu, wahandisi. Walikuja kuongeza ujuzi juu ya msingi uliokuwepo. Kijana aliyemaliza kidato cha nne Tandahimba ambaye hajawahi kugusa kompyuta yake mwenyewe anaingia kozi ileile akiwa mahali pengine kabisa. Anaweza kufika, lakini wiki 12 hazimtoshi, na anayemwambia zinatosha anamdanganya.

Pili, asilimia za ajira. Mwaka 2024 mamlaka ya Marekani inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, iliichukulia hatua BloomTech, zamani Lambda School, kwa kutangaza viwango vya ajira vilivyozidi hali halisi na kwa kuwaficha wanafunzi gharama ya mikopo waliyosaini. Ile mikataba ya "soma sasa, utalipa ukipata kazi" ilikuwa mikopo.

Kwa hiyo ukiambiwa "asilimia 67 wamepata kazi", uliza: asilimia 67 ya nani? Chukua mfano wa kufikirika. Wameanza 60, wamemaliza 36, waliojibu dodoso ni 27, wenye kazi ni 18. Ukigawa 18 kwa 27 unapata asilimia 67. Ukigawa 18 kwa 60 unapata 30. Namba zote mbili ni za kweli, ila mzazi anahitaji ya pili. Kisha uliza hao 18 wanafanya kazi gani, maana kuna wanaohesabu hata aliyebakishwa kuwa msaidizi wa darasa palepale.

Mizani_ya_Newala

Nijibu la tatu, la mwandishi mzuri ni yupi. Kwangu mimi ni yule anayejua data itakuja imeharibika, na akaandika programu akilijua hilo tangu mwanzo. Mengine yote, lugha gani, fremu gani, yanajifunzika.

Niwape mfano wa kazi iliyo mlangoni petu. Chama cha msingi kinapokea korosho ghafi, kinapima, kinampa mkulima risiti, mzigo unakwenda ghala kuu chini ya stakabadhi ghalani, unauzwa mnadani, fedha inarudi kwa mkulima baada ya makato. Ukimpa mhitimu wa butikampu atengeneze mfumo wa hapo, baada ya siku tatu ana ukurasa unaopendeza na vitufe vya kijani. Sasa tazama yanayotokea ndani.

Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ina tarakimu 20. Karani ameileta orodha kwenye Excel. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, kwa hiyo tano za mwisho zinageuka sifuri, na mara nyingi hakuna onyo. Wanachama wa kijiji kizima wanabaki na namba zinazoishia 00000. JavaScript nayo haikuachi salama: namba nzima inayoaminika inakomea 9007199254740991, ambayo ni tarakimu 16. Dawa ni moja. NIDA ni maandishi, ihifadhiwe kama maandishi, na ile safu kwenye Excel iwekwe aina ya maandishi KABLA ya kuingiza data, kwa sababu ukibadilisha baadaye zile tarakimu zimeshapotea. Namba ya simu vilevile: sifuri ya mbele inaliwa. Tena mmoja ameandika 07, mwingine +2557, mwingine 2557 na nafasi katikati. Zote zigeuzwe ziwe mtindo mmoja zinapoingia mlangoni.

Uzito na fedha. Andika 0.1 + 0.2 kwenye JavaScript au Python (lugha nyingine ya programu) uone: 0.30000000000000004. Kompyuta inatunza desimali kwa mfumo wa mbili, na moja ya kumi haina mwisho kwenye mfumo huo, kama theluthi moja isivyo na mwisho kwenye mfumo wetu wa kumi. Kwa hiyo uzito tunza kwa gramu, fedha kwa shilingi nzima. Kilo 347.6 ni gramu 347,600. Zidisha kwa bei ya mfano 3,120, gawanya kwa 1,000, unapata 1,084,512 kamili.

Halafu kukaribisha, yaani kuigeuza hesabu yenye senti iwe shilingi nzima. Mkulima ana kilo 33.35, bei 2,915. Jibu ni 97,215.25. Unamlipa 97,215. Wakulima wanne wenye uzito huohuo ukiwalipa mmoja mmoja jumla ni 388,860. Ukijumlisha kilo kwanza ndipo uzidishe, unapata 388,861. Shilingi moja imepotea, na kwenye wakulima 2,000 tofauti hiyo inaweza kufika mamia ya shilingi. Kiasi si kikubwa, lakini mkaguzi ataiona, na mhasibu wa chama ndiye atakayeulizwa. Mwandishi mzuri anamfuata mhasibu kabla ya kuandika mstari wa kwanza: tunakaribisha wapi, na baki linaingia akaunti gani? Swali hilo moja linanionyesha mtu kuliko cheti.

Dada_wa_Mikindani

Kaka Mizani, ahsante, lakini anayeanza hawezi kuyajua ya karani na mhasibu. Tumpe mtu njia ya kujua kama kazi hii inamfaa, kabla fedha haijatoka nyumbani.

Ninachopendekeza ni wiki 6 za majaribio, hapahapa, bila ada. Kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard inasomwa mtandaoni bure, freeCodeCamp nayo ni bure. Kiingereza kikiwa kizito, asome somo moja mara mbili na aandike maelezo yake kwa Kiswahili. Saa 2 kila siku, siku 6 kwa wiki. Hiyo ni saa 72. Mtu akizimaliza kwa hiari yake na bado anataka kuendelea, hapo kuna la kuzungumza. Akiishia wiki ya pili, ada imebaki.

Vifaa. Laptopu iliyotumika inatosha, ila msikubali RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) chini ya GB 8, na diski iwe SSD. Laptopu yenye diski ya zamani ya kuzunguka itamkatisha tamaa kabla programu haijamkatisha. Betri ipimeni mbele ya muuzaji: kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, fungua faili inayotoka, linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki chini ya nusu, kwa jinsi umeme unavyokatika, hesabu na gharama ya betri nyingine.

Bando ndilo linalowashinda wengi. Video zishushwe kwa ubora wa chini, 360p inasomeka. Maelezo ya lugha yashushwe mara moja yasomwe bila mtandao: Python inakuja na mwongozo unaoweza kupakuliwa wote. Asiye na laptopu aweke programu ya Termux kwenye simu ya Android, anaandika Python na SQLite (kanzidata ndogo) humo. Kidole kinachoka, lakini lupu (amri za kurudia) na masharti ni yaleyale.

Mwana_Shangani

Dada, hizo wiki 6 mzazi atajuaje kijana anajifunza, asiwe anatazama video tu?

Dada_wa_Mikindani

Swali zuri. Kila Jumamosi amweleze mtu asiyejua kompyuta, mama au shangazi, alichoandika wiki hiyo kinafanya nini mstari kwa mstari. Asikubaliwe kusema "hapa kompyuta inafanya mambo yake". Na afute faili aandike upya bila kuangalia. Anayenakili video hawezi kurudia hata mistari 15.

Mtu_wa_Ng'apa

Salaam kutoka Lindi. Niongeze kitu kinachohusu hata jina langu la humu.

Mfumo wowote wa huku utatuma SMS, maana wakulima wengi wana simu za vitufe. SMS moja inabeba herufi 160 kama herufi zote zimo kwenye GSM, orodha ya kawaida ya herufi za mitandao ya simu. Kiswahili chetu chote kimo, na kile kialama kilichonyooka cha ng'ombe na Ng'apa kimo pia. Tatizo ni kwamba ukiandika ujumbe kwenye Word au kwenye simu janja, kialama kinajigeuza kuwa kile kilichopinda. Hicho hakimo. Kikiingia kimoja tu, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wenye herufi 70 kwa SMS, na ukigawanyika kila kipande kinabeba 67. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja umekuwa SMS 3. Wakulima 4,000, umelipia 12,000 badala ya 4,000, na salio limekwisha katikati ya orodha. Waliobaki hawakupata taarifa ya malipo, kesho yake wako mlangoni kwa katibu.

Kinga yake ni mstari mmoja unaobadilisha kialama kilichopinda kuwa kilichonyooka kabla ya kutuma, na mwingine unaohesabu vipande na kukataa vikizidi kimoja. Butikampu inayofundisha kwa mifano ya duka la viatu la Marekani haitakufikisha hapo.

Fundi_Kanzidata

Mtu wa Ng'apa umegusa penyewe. Niongeze saa, maana ni hitilafu inayojificha miezi mingi.

Seva nyingi zinatunza saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa 3. Malipo yakiingia saa nane na robo usiku tarehe 1 Desemba, seva inaandika 23:15 ya tarehe 30 Novemba. Ripoti ya mwezi ikikata kwa tarehe ya seva, malipo hayo yamo Novemba. Mchana kila kitu kinaonekana sawa, kwa hiyo anayejaribu mfumo wake mchana tu hataiona kamwe. Tunza UTC, lakini unapokata siku au mwezi geuza kwanza iwe saa za Afrika Mashariki. Na usimwekee karani kisanduku kitupu cha saa: ataandika 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi, mfumo utaelewa saa nane usiku.

Jingine ni taarifa za malipo ya simu. Mtandao wa simu ukituma taarifa kwa seva yako na seva ikachelewa kujibu, taarifa hutumwa tena. Ileile. Usipojikinga, mkulima aliyelipa deni mara moja anaonekana amelipa mara mbili. Weka sharti la upekee kwenye namba ya muamala ndani ya kanzidata yenyewe, ikatae namba ileile ikija mara ya pili. Kuuliza kwanza "ipo?" halafu kuandika hakutoshi, kwa sababu taarifa mbili zikija kwa pamoja zote mbili zitaambiwa haipo.

Mizani_ya_Newala

Na mtandao wenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilitetereka nchi nzima. Vijijini huhitaji mkasa wa baharini. Mnara mmoja ukizima unatosha. Mizani haisubiri. Kifaa kirekodi humohumo ndani, kipeleke baadaye. Hapo linazuka tatizo la namba za risiti: vishikwambi viwili visivyo na mtandao vyote vitatoa risiti 101. Kila kifaa kipewe herufi yake, A-101 na B-101, wala usingoje seva igawe namba.

Mzazi_Nachingwea

Nawashukuru wote. Mimi si mtaalamu, nauliza kwa heshima. Kijana wangu anasema siku hizi akili mnemba inaandika programu yote, kwa hiyo butikampu yoyote inatosha, la muhimu ni cheti. Hili lina ukweli?

Fundi_Kanzidata

Mzee wangu, shikamoo. Nusu lina ukweli. Akili mnemba inaandika haraka, na ukurasa wa kawaida inaumaliza kwa dakika. Lakini ukiiomba "hesabu malipo ya mkulima" bila kuiambia habari ya gramu na kukaribisha, inaweza kabisa kukuletea hesabu za desimali zilizoelezwa hapo juu. Programu itakimbia, majibu yatakaribia ukweli, na hakuna kitakachowaka nyekundu. Anayeziona ni aliyejua aangalie nini. Kwa hiyo kijana aitumie, lakini baada ya ile miezi ya kwanza ya kuandika kwa mkono wake, na kila mstari aliopewa aweze kumweleza mtu.

Kinachomtenganisha fundi na mwenye cheti ni kutafuta kosa. Anasoma ujumbe wa kosa mpaka mwisho. Jina la faili na namba ya mstari vimo humo. Analifanya kosa litokee tena kwa makusudi, maana lisilojirudia huwezi kuthibitisha umelitibu. Anagawa nusu: data ilikuwa nzima ilipoingia kwenye seva? Kama ndiyo, tatizo liko baada ya hapo. Anabadilisha kitu kimoja kwa wakati. Na akiwa ametunza kazi yake kwenye Git, chombo kinachoweka kumbukumbu ya kila badiliko, kwa hatua ndogondogo, amri ya git bisect inamtafutia badiliko lililoharibu: katika mabadiliko 1,000 anapima kama mara 10 tu.

Kwa hiyo mzee, ukifika kwenye butikampu usianze na majengo. Waombe waonyeshe zoezi moja ambalo mwanafunzi anapewa programu ya mtu mwingine iliyoharibika airekebishe. Kama hakuna hata moja, wanafundisha kuanza kazi mpya tu, na kazini utakuta programu ya mtu mwingine ndiyo inakusubiri. Uliza mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi; wakizidi 25 hakuna atakayesoma kazi ya kijana wako. Uliza ada inalipwa kwa awamu ngapi na ukiacha wiki ya pili unarudishiwa kiasi gani, na jibu liandikwe. Wakisema "lipa yote leo upate punguzo", rudi nyumbani ulale kwanza.

Mzazi_Nachingwea

Marahaba. Nimeandika yote. Dada wa Mikindani, ukiweza tupe jaribio moja nimpe kijana baada ya hizo wiki 6.

Dada_wa_Mikindani

Hili hapa, baba. Ni data ya kubuni, na iwe hivyo daima: orodha halisi ya wakulima yenye simu na NIDA haipewi mwanafunzi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023. Aandike programu inayosoma mistari hii (namba ya mwanachama, kilo, daraja, tarehe) na kutoa jumla ya kilo za tarehe 3 Novemba. Saa 3, intaneti ruksa.

MK-0147, 82.5, 1, 03/11/2025
MK-0147, 82,5, I, 3-11-25
MK-148, 61, 1, 11/03/2025
MK-0149, 1O4, 2, 03/11/2025
MK-0150 ; ; 1 ; 03/11/2025
MK-0151, 825, 1, 03/11/2025

Mwana_Shangani

Tuwekee na majibu, dada, tunaosimamia tujue cha kuangalia.

Dada_wa_Mikindani

Mstari wa 1 hauna shida. Wa 2 unaweza kuwa gunia lilelile limeandikwa mara mbili au gunia la pili lenye uzito uleule. Programu isiufute wala isiujumlishe, iuulizie risiti. Wa 3 umepungukiwa sifuri kwenye namba, na 11/03 inaweza kuwa 3 Novemba iliyogeuzwa au 11 Machi, wakati ambao kwa kawaida msimu umekwisha. Wa 4 una herufi O mahali pa sifuri. Kijana akiibadilisha mwenyewe kuwa 104, muulize nani amemwambia si 114. Wa 5 pengo si sifuri: ukisoma kama sifuri umemwandikia mkulima kwamba hakuleta kitu. Wa 6 ndio mgumu. Gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80, kwa hiyo 825 ni magunia kumi hivi ya mkulima mkubwa, au ni 82.5 iliyopoteza nukta. Programu haiwezi kujua. Karani mwenye vishina vya risiti anaweza.

Jumla inayokubalika siku hiyo ni kilo 82.5, pamoja na orodha ya mistari mitano ya kurudishwa kwa karani, kila mmoja na sababu yake kwa Kiswahili kinachosomeka.